Zamu ya Mamlaka

1

Kompyuta iliganda tena, na safari hii iliganda katikati ya neno.

"Zam—" zilisema spika za pembe zilizofungwa juu ya nguzo kandokando ya mashamba, kisha neno likageuka mlio mmoja mrefu, kama wa nyuki aliyenaswa ndani ya debe, ukajaa bonde zima. Huko chini watu waliacha majembe wakageuka kukitazama kibanda chetu. Nilibonyeza swichi. Mlio ukakatika.

"Imekufa?" aliuliza Mama Nietiwe.

"Haijafa, mama. Inagombana."

"Na nani?"

"Na nafsi yake. Kadi mbili zinagombea mstari mmoja."

Mama Nietiwe Msuya ndiye mwenyekiti wa kamati ya ndiva, bwawa letu la kukinga maji ya mlimani. Magomvi ya maji huyaamua kwa kuwakalisha wagomvi wote wawili ndani ya mfereji mkavu mpaka wapatane. Aliinama juu ya mashine iliyokuwa wazi, akainyooshea kidole.

"Basi zitoe hizo kadi uziweke hapa chini nizione."

Mlangoni, juu ya kiti cha plastiki, Mkaguzi Lwitiko alicheka kidogo. Alikuwa kijana wa Mamlaka ya Mabonde, mpole, viatu vyake safi kuliko sahani zetu. "Mama, mimi sina haraka," alisema. "Ila ikifika jioni hazijaelewana, naiondoa mashine. Ndiyo amri niliyopewa. Siyo mimi."

"Kila anayekuja hapa na amri husema siyo yeye," Mama Nietiwe alimjibu. "Ipo siku nitakutana na huyo mwenyewe."

Kitu cha kuwekwa badala yake kilikuwa ndani ya gari la Mkaguzi. Nilikwisha kukiona: kidonge cheupe, ukubwa wa mkate, hakina nati, hakina tundu. Kompyuta zote zinazouzwa nchini siku hizi ni vidonge. Kidonge hakifunguliwi. Kikiharibika kinatupwa, na kikikosea hakuna wa kukiuliza.

Mashine yetu ilikuwa na nati. Kasha lake la bati lilianza maisha likiwa rangi ya krimu, sasa lilikuwa rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Ndani, juu ya bodi mama, zilijipanga nafasi ndefu za kuchomekea kadi, na mbili kati yake zilikuwa na kadi tangu kabla sijazaliwa. Kadi ya lango huzungusha mota za malango ya ndiva. Kadi ya sauti hutangaza zamu kwenye spika, na husikiliza jibu kwa vinasa sauti vilivyo kwenye nguzo hizo hizo. Hivyo ndivyo tunavyogawana maji. Zamu ya kila ukoo inatajwa kwa sauti, bonde zima lisikie. Mwenye zamu anaitikia akiwa amesimama shambani kwake, "Nimesikia." Ndipo lango linafunguka. Asipoitikia, maji hayatoki. Hapo kale kazi hiyo ilifanywa na mtu mwenye koo la kupasua hewa. Navoneiwa Mshana alipoileta kompyuta hii aliifundisha adabu ile ile, kwa sauti yake mwenyewe. Navoneiwa alikwisha kufariki. Sauti yake bado inagawa maji.

Kadi ya tatu aliileta Mkaguzi. Ilikuwa mpya, nyeusi, pini zake za kupangia zimefunikwa kwa lakiri nyekundu. Kwa kadi hiyo Mamlaka ingeweza kuliamuru lango ikiwa ofisini kwake. Kazi yangu ilikuwa kuifanya ikae kwa amani na zile mbili za zamani.

Kadi ikiwa na la kusema huvuta mstari wake ili kuiita prosesa, ubongo wa mashine. Kila kadi na mstari wake. Mbili zikivuta mstari mmoja, prosesa inasikia mwito isijue nani kaita. Inamwendea asiyeita, aliyeita anaendelea kuita, na kila kitu kinaganda. Mashine hii iliacha mistari mitatu wazi kwa kadi: wa tano, wa saba na wa kumi. Mistari mitatu, kadi tatu. Zingetosha. Zilikuwa zinagombea nini?

Nilizitoa zote. Nikayasugua meno yake kwa kifutio mpaka shaba ikang'aa. Nikabadilisha nafasi, nikawasha, ikaganda. Nikawasha tena, ikaganda. Nikawasha tena bila kugusa kitu chochote, na Navoneiwa akatangaza kwa ukamilifu, "Zamu ya Washana," na kutoka mbali sauti ya mwanamke ikajibu, "Nimesikia," na lango likapanda.

Mkaguzi alipiga makofi.

"Bado," nilimwambia. Nikazima, nikawasha. Ikaganda.

"Sasa ulizima ya nini, dada?"

"Sijajua kwa nini ilipona. Nikiiacha hivyo, itaganda wewe ukiwa umeshaondoka, na sisi ndio tutakaolala bila maji."

Alitikisa kichwa, akaitazama bangili kwenye mkono wangu wa kushoto. Ilikuwa inawaka kijani. Bila bangili hiyo ya kibali, kumfungulia mtu hata kasha la redio ni kosa la jinai. Niliivaa siku nilipopokea stashahada yangu, na mama yangu aliibusu kama pete ya ndoa.

2

Kama kosa halikuwa kwenye bati, lilikuwa kwenye maneno. Nilifungua faili la kuwashia, lile ambalo mashine hulisoma kabla ya jambo lingine lolote. Herufi za kijani zikapanda kwenye skrini. Navoneiwa aliandika Kiswahili popote mashine ilipomruhusu, na mahali pengine ilipomkataza. FUNGUA. SUBIRI JIBU. TAJA ZAMU. Nilisoma kama ninavyosoma barua ya shangazi.

Katikati nilikuta neno ZUNGUSHA, na chini yake mistari michache tu. Niliisoma, nikairudia, nikacheka mpaka Mama Nietiwe akauliza kuna nini.

"Alizipa kadi zamu," nilisema.

"Nani?"

"Navoneiwa. Kwenye mashine hii mstari wenye namba ndogo husikilizwa kwanza. Fundi yeyote angeipa kadi moja mstari wa mbele akaiacha hapo. Yeye hakuiacha. Kila kompyuta ikiwashwa, kadi zinahama. Iliyokuwa mbele inarudi nyuma. Kama sisi na koo zetu." Nilijifuta machozi. "Kadi, mama. Vipande vya plastiki. Ningeandika hivi kwenye mtihani wangeniweka kosa jekundu."

Mama Nietiwe hakuona kichekesho. "Ulitaka afanyeje? Mmoja awe wa kwanza siku zote?"

Kwa kadi mbili zinazohama kwenye mistari mitatu hakukuwa na madhara, na mashine iliishi hivyo miaka yote. Lakini kadi ya Mamlaka haikuhama. Chini ya lakiri ilikuwa imepigiliwa kwenye mstari wa tano, na nyingine zilipozunguka, ziliikuta imekaa hapo na hainyanyuki. Ndiyo sababu mashine ilipona mara moja moja. Ilipona pale tu ambapo hakuna kadi ya zamani iliyofikiwa na zamu ya kuwa mbele.

Lwitiko alikuwa amesogea, akisoma juu ya bega langu. Hakuwa mjinga. "Basi lifute hilo ZUNGUSHA," alisema. "Hizo mbili zibaki saba na kumi, yetu ibaki tano. Umemaliza."

Kiufundi alikuwa sahihi. Niliweka alama mbele ya neno ili mashine ilipite, nikawasha. Haikuganda. Nikazima na kuwasha mpaka kidole kikachoka. Haikuganda.

Lwitiko alitoa simu. "Ofisi, jaribuni."

Taa ya kadi nyeusi ikawaka. Hakuna aliyetajwa. Spika hazikutoa hata mkwaruzo. Lango la chini lilipanda taratibu, na maji ya ndiva yakajitupa mferejini.

Aliyeyasikia kwanza ni Sekiete Mmbaga, kwa kuwa alikuwa ndani ya mfereji akizoa tope. Tulisikia yowe. Nilipofika ukingoni maji yalikuwa yamemburuta mpaka kwenye kona, ameukumbatia mgomba, jembe limekwenda na kiatu kimoja kimekwenda. Kisha lango likashuka, kimya kama lilivyopanda.

Alipanda kilima akichuruzika tope, akasimama mbele yetu.

"Nani kafungua?"

Lwitiko alirudisha simu mfukoni.

"Nauliza nani kafungua, maana sikusikia jina la mtu."

"Yalikuwa majaribio," alisema Lwitiko. "Pole sana, kaka."

"Majaribio ya kuniua au ya kuniogesha?"

"Watu watazoea." Lwitiko alisema hivyo akinitazama mimi badala ya Sekiete. "Watajifunza kutoingia mferejini ovyo."

"Tope litazolewa na nani?" aliuliza Mama Nietiwe. "Na wewe, kwa viatu hivyo?"

Mkaguzi alinivuta pembeni, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliongea kama mtu asiyesoma amri. "Dada Nakijwa. Mji wa chini hauna maji. Hospitali inachota kwa ndoo. Kila tukiomba maji huku juu, kamati inaitisha kikao. Mwanamke aliye kwenye uchungu hawezi kusubiri kikao. Nipe lango linalofunguka tukiliambia. Hilo tu."

Hakudanganya. Nilijua kuliko yeye. Mdogo wangu Namkunda alikuwa amejifungua katika hospitali hiyo hiyo, bado amelazwa. Asubuhi alinitumia ujumbe wa sauti, na nilikuwa ninao mfukoni kama kaa la moto: "Dada, bomba limekauka tena. Wanasema nimpanguse mtoto kwa kitambaa kikavu. Ana homa, dada. Fanyeni kitu huko juu."

3

Turudi ndani, nilisema, na tukarudi, na Sekiete naye akaingia akalowesha sakafu.

"Toa kadi yao," alisema Mama Nietiwe. "Itupe korongoni."

"Nikiitoa, anaweka kidonge."

"Nitakiponda hicho kidonge kwa mchi."

"Utakiponda, wataleta kingine. Na mtoto wa Namkunda ataogeshwa na nini?"

Uso wake ulibadilika. Namkunda alikulia nyumba ya tatu kutoka kwake. "Nani alisema tutamnyima Namkunda maji? Waje waombe."

"Wameomba, mama. Mmekaa vikao."

"Hilo unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe kwa sababu ni kweli. Na huyu naye nitamwambia la kwake." Niligeuka. "Mkaguzi, ungetaka maji tu ningekupa bila ubishi. Wewe unataka maji yasiyotajwa. Leo ni hospitali. Mwakani amri itatoka kwa nani, kwa ajili ya shamba la nani, na sisi tutajuaje kama lango linapanda kimya?"

"Mamlaka inaweka kumbukumbu."

"Zinasomwa na nani?"



Nikachomoa kadi nyeusi, nikailaza juu ya kitambaa. Chini ya lakiri kulikuwa na vinundu. Nilivijua. Watengenezaji wa kadi za namna hii huacha pini, na juu yake kikofia kidogo cha plastiki. Kikofia kikiwa kimekaa, kadi inang'ang'ania mstari wake. Kikiondolewa kabisa, kadi inabaki bila mstari, inasubiri mashine iipangie. Tena kadi isiyo na mstari wake haiwezi kuzungumza na mota moja kwa moja. Ingepaswa kupitia programu ya Navoneiwa, na programu hiyo haifungui lango kabla ya jibu.

Nilichukua bisibisi bapa.

"Usifanye hivyo," alisema Lwitiko. Alikuwa amesimama. "Bangili itajua umevunja lakiri. Itajizima na haitawaka tena maisha yako yote. Na safari hii kweli siyo mimi. Siwezi hata kuizuia."

"Najua. Nilisaini."

"Ni kazi yako hiyo, dada."

"Kazi yangu ni kufungua vitu."

Lakiri ilipasuka kwa mlio mdogo, kama ganda la karanga. Mkononi bangili iligeuka nyekundu, ikatetemeka, ikafa. Kisha ikajifungua yenyewe ikadondoka mezani. Sikutegemea kwamba ingeuma, na haikuuma, ila niliikumbuka midomo ya mama yangu juu yake. Nikakitoa kikofia kwa kibano. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama. Nilikiweka kwenye kiganja cha Mkaguzi.

"Mali ya Mamlaka. Irudishe salama."

Nikarudisha kadi kwenye nafasi yake, nikaiondoa ile alama mbele ya ZUNGUSHA, nikawasha. Mashine ilinguruma, ikahesabu kumbukumbu zake, ikasita. Haikuwa imeganda. Ilikuwa inauliza swali ambalo katika miaka yote hakuna aliyewahi kuliona, kwa maana hapakuwa na kadi ngeni:

MGENI AMEFIKA. ZAMU YA NANI?

Niliandika: MAMLAKA.

"Mamlaka siyo ukoo," alisema Mama Nietiwe.

"Imekuwa ukoo leo. Ina zamu yake, kama wengine."

"Na dharura je?" Lwitiko aliuliza. "Mtu akiwa anakufa huko chini, asubiri zamu?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na sikutaka kulijibu peke yangu. Nilimtazama Mama Nietiwe. Alitafuna shavu lake kwa ndani.

"Dharura itangulie," alisema mwishoni. "Bila kikao. Lakini itajwe. Ikitajwa bonde zima likasikia, sijui mtu wa hapa atakayesimama mbele ya majirani zake amnyime mzazi maji." Akamgeukia Sekiete. "Au wewe unamjua?"

"Mimi nimeshachangia," alisema Sekiete, akikamua shati.

4

Niliandika DHARURA ITANGULIE, na Lwitiko akapiga simu ofisini, akawaambia watume amri tena, ya dharura, maji ya hospitali. Hakuwaambia mengine.

Taa ya kadi ikawaka. Spika zikakohoa. Navoneiwa katika uhai wake hakuwahi kurekodi neno hilo, kwa hiyo kadi ya sauti ililiunga kwa vipande vya maneno mengine, na sauti ya marehemu ikashuka mashambani kwa kigugumizi.

"Zamu ya... Ma... mla... ka."

Majembe yakasimama. Nilisikia mtu mmoja huko chini akicheka, kisha akaacha. Hakuna aliyejibu. Lango halikutikisika.

"Zamu ya Ma... mla... ka."

"Mbona halifunguki?" aliuliza Lwitiko.

"Mwenye zamu hajaitikia."

"Amri imetoka ofisini, dada. Imeidhinishwa."

"Ofisi haiko shambani."

Simu mkononi mwa Lwitiko ilikuwa inaongea yenyewe, vipi huko, Mkaguzi, vipi huko. Alilitazama gari, lenye kidonge ndani. Angeweza kukileta, na nisingekuwa na la kufanya zaidi ya kusimama mlangoni, na ningesimama. Labda aliliona hilo usoni mwangu. Labda alikuwa anawaza ndoo za hospitali, maana aliziona kwa macho yake.

"Nguzo ya Mamlaka ni ipi?" aliuliza.

Mama Nietiwe alinyoosha mkono mpaka mwisho kabisa, pale mfereji unapotoka kwenye mashamba yetu na kuanza kuteremkia tambarare. "Ile ya mkiani. Maji yenu yanapita pale. Uyapokee pale."

Lwitiko alikata simu. Akainama, akafungua kamba za viatu, akavivua, akaweka soksi ndani yake kwa utaratibu kama mtu anayeingia msikitini, akateremka navyo mkononi. Sekiete alimfuata kwa kiatu chake kimoja. "Pita kushoto, kaka," nilimsikia akisema. "Kulia kunadidimia. Mimi ndiko nilikotoka."

Wanawake walisimama mgongo wima kumwona akipita katikati ya maharage. Alifika kwenye nguzo, akasimama kwenye tope la mfereji.

"Zamu ya Ma... mla... ka."

"Nimesikia," alisema, kwa sauti ya ofisini. Kwenye skrini neno SUBIRI JIBU lilibaki lilivyo.

Mama Nietiwe alitoka nje ya kibanda. Yeye hahitaji spika. "Ongeza sauti, baba. Bonde halijakusikia."

Watu wakacheka, na nadhani Lwitiko pia alicheka. Kisha akaviweka viatu juu ya ukingo, akakinga mdomo kwa viganja vyote viwili, akaita "Nimesikia" mpaka mlima ukamrudishia.

Lango lilipanda. Maji yalipita mbele ya mashamba yote, watu wote wakiyatazama, na hakuna aliyepeleka jembe kuyachepusha. Yalimpita Lwitiko magotini, yakateremka kuelekea kwa Namkunda. Nilizima mashine na kuiwasha upya. Kadi zikahama zamu. Haikuganda.

Nilipoanza kufunga kasha, Mama Nietiwe aliingia amebeba bomba lake la kunyunyizia dawa ya mimea, lile la umeme, lenye lakiri ubavuni kama ile ya kadi. Akalitua mezani, juu ya bangili iliyokufa.

"Limekataa kazi tangu masika," alisema. "Dukani walisema nilitupe."

"Sina kibali tena, mama."

"Nimekuuliza kibali? Nimekuuliza kama utalifungua."

"Hukuniuliza."

"Basi nakuuliza."

Kwenye kifundo cha mkono, pale bangili ilipokuwa, ngozi ilikuwa nyororo kama ya mtoto. Nilisikia hatua nje. Mkaguzi alikuwa anarudi, suruali imelowa, viatu mkononi, simu imefunguliwa kwenye ukurasa wa ripoti. Nikamsubiri. Nilitaka afike mlangoni na aone vizuri.

"Dada Nakijwa," alisema, akihema. "Niandike nini hapa? Kadi zinaelewana, au lakiri imevunjwa?"

"Andika vyote viwili. Vyote ni kweli."

Aliinamia simu akaanza kuandika. Nililigeuza bomba la Mama Nietiwe mpaka lakiri ikamtazama yeye.

"Na hii uiandike," nilisema, nikaipenyeza bisibisi chini yake.